Mwalimu Zuberi Apata Nne

Katika mtaa wetu wa Kindu, mtu wa kuogopwa hakuwa mkubwa wa chama. Alikuwa Mwalimu Zuberi wa darasa la tano. Mtoto akipata pointi hamsini juu ya mia, anapita. Akipata arobaini na tisa, anarudia mwaka. Hata ulie, hata mama yako alete kuku. Mimi najua. Mwanangu wa pili alirudia, na kuku tulimla wenyewe.

Ua wa matete ndio uliotenga lupango yake, yaani kiwanja cha nyumba yake, na yangu. Kila jioni nilimsikia akisifu bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyopika mke wake, Hadidja. Halafu sifa zikakoma. Nikamwita Hadidja kwenye ua.

"Mama Hadidja, iko nini? Mwalimu hasifu tena?"

"Atasifu nini? Anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Tumbo linamuuma tangu Ramadhani. Suruali zinamwanguka. Na choo chake ni cheusi kama lami."

"Na munganga anasema nini?"

"Munganga gani? Anakunywa mizizi. Anasema ni gesi."

"Gesi ya miezi minne? Mupeleke, mama! Mupeleke kesho!"

Alimpeleka, naye mwalimu akilalamika njia nzima. Kule hospitali walimnywesha dawa nyeupe, wakapiga picha ya tumbo. Munganga hakuzunguka. Alisema, "Mwalimu, hapa iko uvimbe. Inaonekana ni kansa ya tumbo. Umechelewa kidogo, lakini hukuchelewa sana. Tutakupasua."

Kabla ya kumpasua walimtoa damu. Aliyeitoa ni Onema, mfanyakazi wa labo. Labo ndiyo chumba wanachopimia damu. Chupa ile ikapanda ndege mpaka Kinshasa, maana kipimo chenyewe hakikufanyika Kindu. Majibu yalirudi siku moja kabla ya kupasuliwa. Kwenye karatasi palikuwa na namba: sitini na mbili.

"Sitini na mbili!" Mwalimu akapiga kelele kitandani. "Hadidja, nimepita!"

Hadidja alikaanga mikate, akawagawia wagonjwa wote wa chumba kile. Mimi pia nilikula mitatu. Hakuna aliyeuliza ile namba inahesabu nini.

Munganga alimpasua, akatoa uvimbe wote aliouona. Kipande kilipimwa, na kweli ilikuwa kansa. Mwalimu alirudi nyumbani mwembamba, lakini anacheka. Alikula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, kama alivyoagizwa. Miezi miwili ikapita. Akatolewa damu tena, chupa ikapanda ndege tena. Akaambiwa pia kwamba Jumatatu fulani arudi kwa munganga.

Ijumaa kabla ya hiyo Jumatatu akaenda kuchukua karatasi yake. Mtu wa dirishani alimpa bila neno.

Alirudi kama mtu aliyepigwa na mvua. Alimwekea Hadidja karatasi mapajani.

"Nne," alisema. "Nne, Hadidja! Hata mutoto muvivu kabisa wa darasa langu hajapata nne."

"Labda wamekosea."

"Kinshasa hawakosei. Nimeanguka. Kama ni kufa, nitakufa Kibombo, pale mama alipozikwa. Nimeshamtumia dada yangu, yaya Jamila, habari kwa simu ya gare. Train inaondoka kesho."

Hadidja alimbembeleza usiku na asubuhi. Wapi! Mwalimu alifunga sanduku, akaenda zake gare kupanda train. Hadidja naye akafunga kitambaa kichwani kwa hasira, akaelekea labo. Siku hizo za Zaïre, sote tuliitana Citoyen na Citoyenne, yaani mwananchi. Lakini siku hiyo Hadidja alilitamka neno lile kama tusi.

"Citoyen Onema! Bwana yangu aliwakosea nini? Kwanza mulimupa sitini na mbili. Sasa, mumemupasua, mumemumaliza nyama, munamupa nne?"

Onema aliangua kicheko. Kisha akaona machozi ya Hadidja.

"Mama, unisamehe. Kosa ni letu. Tulimpa karatasi bila maneno. Yeye iko wapi?"

"Ndani ya train!"

Onema alifunga labo, akampandisha Hadidja nyuma ya baiskeli. Mungu ni mwema, na train yetu haikuwahi kuondoka saa yake. Ilikuwa bado pale. Mwalimu alikuwa amekaa dirishani, sanduku magotini.

"Mwalimu, shuka," Onema akamwambia.

"Mwache aliyeanguka aende zake."

"Nani amekuambia umeanguka? Hizi si pointi! Sikiliza. Mu damu mna vitu vingi vinavyoitwa protini. Mwili wenyewe unavitengeneza. Kansa nayo, mara nyingi, inatupa protini yake katika damu. Njo hiyo, ndiyo hiyo tunapima. Ni kama moshi juu ya nyumba. Moshi ukiwa mwingi, tunaogopa moto. Moshi wako ulikuwa sitini na mbili. Munganga akatoa uvimbe. Sasa ni nne. Muntu muzima mara nyingi iko chini ya tano."

Mwalimu alitoa kichwa dirishani. "Basi chini njo vizuri?"

"Chini njo vizuri sana."

"Na mimi nilifurahia sitini na mbili! Nikagawa mikate!"

"Mikate ilikuwa mitamu, mwalimu. Hata sisi wa labo tulikula, wala hatukuuliza ni ya nini."

Hadidja alicheka huku analia. Mwalimu hakucheka bado.

"Kwa hiyo nimepona?"

"Sijasema hivyo," Onema akajibu taratibu. "Karatasi haiapi. Kansa zingine hazitoi moshi. Na moshi unaweza kutoka jiko lingine: mvuta sigara, ama mgonjwa wa ini, namba yake inaweza kupanda bila kansa. Kwa hiyo munganga anasoma namba, tena anashika tumbo, tena anapiga picha. Namba ikishuka na kukaa chini, ni dalili kwamba kisu kilifanya kazi. Ikianza kupanda, na kupanda tena, tunatafuta mapema. Lakini tutatafuta nini kama umejificha Kibombo?"

Train ikapiga filimbi. Mwalimu Zuberi akamrushia Onema sanduku, akashuka mbio kuliko umri wake.

Jumatatu alikuwa wa kwanza hospitali, mkono wa shati umekunjwa. Munganga alimshika tumbo, akaridhika. Damu ikatolewa. Baada ya majuma matatu karatasi ikaja, na safari hii Onema aliisoma pamoja naye, neno kwa neno. Tatu.

Mchana ule ule train ya Kibombo ikafika. Nikasikia vilio kutoka barabarani. Alikuwa yaya Jamila, dada mkubwa wa mwalimu, na wanawake wanne, vitambaa vimefungwa kiunoni.

"Zuberi wangu! Mutoto wa mama yangu! Alipata nne, masikini!"

Mwalimu akatoka nje, bugali vidoleni. Mwanamke mmoja akakimbilia kwangu akipiga yowe. Jamila akasimama mdomo wazi.

"Yaya, mimi iko hai."

"Na ile nne?"

"Nne imekwisha. Leo nimepata tatu."

Loo! Wanawake wote wakaangua kilio upya, zaidi ya kwanza. Mimi nilishika ua nisianguke kwa kucheka.

Mwalimu aliwakalisha kwenye mkeka, akawafundisha yote: protini, moshi, na karatasi isiyoapa. Jamila alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akampiga mdogo wake ngumi ya bega.

"Nilikungoja Kibombo, hukufika, nikajua umekufa! Siku tisa nimekulilia ndani ya train iliyoharibika njiani, shenzi wewe!"

Akamkumbatia, na sasa akalia kweli. Mwalimu naye akalia, mbele yetu sote, bila haya.

"Hii namba inapimwa tena lini?" Jamila akauliza.

"Baada ya miezi mitatu."

"Basi sirudi Kibombo."

Alikaa miezi mitatu na zaidi. Siku ya karatasi alikwenda naye labo, akaishika mwenyewe. Hajui kusoma barua, lakini namba anazijua. Akaweka kidole juu yake, akasema kwa sauti watu wote wakasikia: "Tatu. Bado ni tatu."