Mshono wa Kushoto

Umewahi kuvaa blauzi uliyojipimia mwenyewe Jumatatu, ukakuta Alhamisi upande mmoja wa kifua umegoma kuingia?

Fundi alidhani kakosea vipimo. Lakini mshonaji wa magauni ya harusi kama yeye hakosei hata nusu inchi. Futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akisinzia. Akakagua sindano, akakagua kitambaa, akailaumu pasi. Kisha akafanya kosa ambalo mshonaji pekee anaweza kulifanya: akafumua mshono wa kushoto, akaachia kitambaa kidogo, akavaa, akaendelea na kazi. Nguo ikikataa mwili, fundi huirekebisha nguo.

Miaka saba nyuma alikuwa amewekewa matiti ya silikoni kwenye kliniki moja yenye zulia jeupe na picha za wanawake wanaocheka. Mume alishaondoka zamani, kwa hiyo msimsingizie. "Miaka kumi na moja nawajazia watu vifua kwa sponji," alimwambia mdogo wake, "na mimi nijazwe kidogo, dhambi iko wapi?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Daktari wa kliniki naye akamtoa wasiwasi: haya ni lifetime, sista, utazikwa nayo.

Hapo hakudanganya.

Mdogo wake aliitwa Digrii. Shahada ya baiolojia, upper second, na kazi yake ilikuwa kutia vifungo kwenye chumba cha cherehani cha dada yake, maana barua za "we regret" zilikuwa nyingi mpaka Fundi akawa anazikata kuwa patani za kola. Mara ya tatu mshono ulipofumuliwa, Digrii akauliza.

"Dada, hilo titi vipi?"

"Limekuwa gumu tu. Kama limefunikwa kwa chungu."

"Ah, kawaida hiyo." Digrii hakuinua macho kwenye kifungo. "Mwili una askari wake. Wakikuta mgeni, wanamla. Silikoni hailiki, kwa hiyo wanamjengea ukuta, wanamfungia humo. Tulisoma second year."

"Na wakishajenga wanakwenda kulala?"

"Wanalinda."

"Maisha yote?"

"Wewe shona, dada. Bibi harusi anakuja saa tisa."

Ndipo sauti ikaanza. Kila Fundi alipoinama kwenye cherehani, kitu kiligeuka kifuani mwake kama maji kwenye kibuyu kilichojaa nusu: kubu, kubu. Mchana kweupe, mlango wazi, watu wanapita. Ikaja na harufu ya kitambaa kibichi kilichoungua chini ya pasi, ingawa pasi ilikuwa imezimwa. Na kwenye kona lilisimama sanamu la kujaribia nguo, ambalo Fundi alilijaza sponji kwa vipimo vyake mwenyewe. Siku moja Digrii akiwa peke yake anatafuta pini, akaona upande wa kushoto wa sanamu hilo umevimba mpaka nyuzi zimekazana, na alipoweka kiganja akahisi joto, na chini ya joto pigo, na chini ya pigo sauti ile ile, kubu, kubu, kana kwamba humo ndani kuna mtu aliyelala ubavu mmoja kwa miaka saba na sasa ameamua kugeuka amtazame.

Mama yao hakutaka kusikia habari za second year. "Hilo ni jini," alinong'ona. "Macho ya watu hayo." Akamleta mganga.

Mganga alifukiza, akasoma, akamwekea Fundi mkono kichwani. Kinywa cha Fundi kikafunguka, lakini aliyesema hakuwa Fundi.

"Sikuja mwenyewe. Nililetwa nimefungwa kwenye karatasi safi. Wakanikatia mlango, wakauziba nyuma yangu. Miaka saba askari wananipiga na mimi sifi. Sasa wamewehuka. Wanazaana tu, na wanamla yeye. Waulizeni walionileta, mimi ni nani?"

Mganga akafunika chetezo.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "majini ninayoyajua mimi hayaingii kwa mkasi. Huyu ana mshono. Mpelekeni hospitali. Leo, si kesho."

Daktari wa hospitali alivuta kwa sindano bomba zima la maji ya manjano kutoka pembeni mwa lile titi. Majibu yalipotoka, aliketi kwanza ndipo akasema. Askari wenyewe wamegeuka saratani. Si wengi wanaopatwa, na ikiwahiwa hutolewa mgeni pamoja na ukuta wake wote, mtu akapona. Titi lilianza kuvimba lini?

Digrii alihesabu mishono iliyofumuliwa. Mitano. Miezi kumi na minne.

"Aliwekewa aina gani? Mlipewa kadi yenye namba yake?"

Kadi gani? Kule kliniki, kwenye zulia jeupe, msichana wa mapokezi alibonyeza kompyuta mara mbili. "File haionekani, dada. Labda system."

Siku za mwisho Fundi alilala na futi yake shingoni.

"Digrii. Ulisema wanalinda."

"Nilisema, dada."

"Usilie, mwaya. Hata mimi nilirekebisha nguo."

Baada ya mazishi, Digrii alifungua daftari la vipimo. Wateja watatu walipenda umbo la Fundi, wakaenda kliniki ile ile. Kwenye ukurasa wa mteja wa kwanza, kwa mwandiko wa marehemu: *achia kushoto*. Wa pili: *achia kulia, kidogo*. Wa tatu bado. Nyuma yake, kwenye kona, sanamu likasema: kubu.

Digrii amewapigia simu hao watatu. Hao wengine mnawajua ninyi, wenye zulia jeupe. Acheni hadithi ya system. Fungueni makabati, toeni namba ya kila kitu mlichokishonea ndani ya mtu, mwiteni kila mwanamke kwa simu, leo, kabla hajafumua mshono mwingine. Na mtujibu sisi tuliozika: mle ndani mlimweka nani?