Ufunguo wa Pili wa Kufuli Langu

Nilimkuta ameshika kufuli langu mkononi... limefunguliwa!

Nikapapasa mfukoni. Ufunguo wangu upo.

Sasa yeye kalifungua na nini?

Ndugu msomaji, tulia nikueleze, uelewe kufuli lile lilikuwa na maana gani kwangu.

Mimi ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni, mwaka wa thelathini na moja huu. Niliingia nikiwa mbeba magunia, sijui a wala be. Nikasoma shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minane, mpaka nikawa nasahihisha matangazo ya ofisini kwa kalamu nyekundu. Kazini wananiita Kamusi. Jina hilo silikatai.

Kila Jumanne mashine zote za upande wetu huzimwa tuzikague. Mimi huingia ndani ya tangi la kuchanganyia, mwili mzima, katikati ya mapanga ya chuma. Mtu akiliwasha ukiwa humo... hakuna cha kuzika.

Ndiyo maana kila fundi ana kufuli lake. Unafunga swichi ya mashine yako, unaingia na ufunguo wako. Mpaka utoke, hakuna wa kuiwasha.

Jumanne hiyo nilishafunga, nikafika tangini, nikakumbuka nimesahau spana ndogo. Nikarudi.

Ndipo nikamkuta Redio.

Redio ni fundi mwenzangu, miaka kumi na tisa tuko pamoja. Tunamwita Redio kwa sababu haongei.

"Redio! Unafanya nini?"

Akashtuka. "Kaka... umerudi?"

"Ulitaka nisirudi?"

"Usiseme hivyo, kaka."

"Huo ufunguo umeutoa wapi?"

Akaufumbata mkononi.

Kufuli lile lina funguo mbili tu. Mmoja ninao. Wa pili uko nyumbani, kwenye kopo la vifungo la mke wangu.

Mke wangu!

Nikampigia pale pale.

"Mama watoto, ufunguo wa pili wa kufuli langu uko wapi?"

Akavuta pumzi. "Nilimpa shemeji."

Shemeji ndiye Redio.

"Lini?"

"Miezi mitatu sasa. Baba watoto, nisikilize kwanza..."

Nikakata simu. Nisikilize nini?

Kila kitu kikaanza kujipanga kichwani. Miezi miwili nyuma meneja alitangaza anatafuta fundi mkuu, na wanaofaa ni wawili tu, mimi na Redio. Halafu hizi Jumanne zake! Siku nyingine huomba ruhusa, Jumanne hakosi. Mwezi uliopita alikuja anatetemeka kwa homa, nikamtania, "Nenda kalale, cheo hakitakimbia." Akatabasamu tu.

Kumbe!

Nikamshika mkono hadi kwa meneja. Meneja wetu ni mama asiyecheka saa za kazi. Akasikiliza, akauweka ule ufunguo mezani, akaanza kuandika.

"Hili halina onyo. Ni kufukuzwa leo leo. Redio, una la kusema?"

"Sina, mama."

"Huna?"

"Sina."

Meneja akanisukumia karatasi. "Kamusi, isome kwa sauti, naye asikie. Kisha usaini."

Nikaishika...

Jamani, hapa nawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Karibu mwaka mzima macho yangu yalikuwa na ukungu. Herufi zilikuwa kama sisimizi waliomwagiwa maji. Binti yangu mkubwa aliponiambia niende kwa daktari wa macho, sikumsemesha miezi miwili. Mimi, Kamusi, niambiwe sioni?

Nikakohoa. Nikaisogeza karatasi mbali. Nikaileta karibu. Jasho!

"Mama," Redio akasema taratibu, "niruhusu nisome mimi. Kaka amesahau miwani yake."

Sina miwani. Sijawahi kuwa nayo!

Akaichukua karatasi kutoka mkononi mwangu. Akasoma mashtaka yake mwenyewe, neno moja moja, mpaka pale palipoandikwa kwamba alifungua kufuli la mwenzake kwa nia ya kumdhuru. Akamalizia, akairudisha mezani.

Nikajiuliza, mtu anayetaka nife ananisitiri ili iweje?

"Mama," nikasema, "kabla sijasaini, twende kwenye swichi."

Tukaenda wote watatu. Swichi zimepangwa mstari mmoja ukutani. Nikapapasa kutoka mlangoni kama siku zote: moja, mbili, tatu.

"Hapa ndipo nilipofunga."

Meneja akaangalia swichi, akaniangalia mimi.

"Soma kibandiko."

Nikakisogelea mpaka pua ikakigusa; ukungu mtupu.

"Kamusi, hiyo ni ya mashine ya kukatia! Tulipofunga feni mpya, swichi yake iliwekwa mwanzo wa mstari, zote zikasogea. Ya tangi ni ya nne. Si tulibandika tangazo?"

Tangazo! Nililiona. Nilisimama mbele yake nikatikisa kichwa kama msomi, nikapita.

"Feni ilifungwa lini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Miezi mitatu iliyopita."

Miezi mitatu nimekuwa nikiingia kati ya mapanga yale, nimefunga swichi ya mashine nyingine! Yeyote angeweza kuinua ile ya nne.

Nikamgeukia Redio. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ukishaondoka nalihamisha hadi ya nne," akasema. "Ukikaribia kumaliza nalirudisha ya tatu, ulikute ulipoliacha."

"Kila Jumanne?"

"Kila Jumanne."

"Hata ile ya homa?"

"Ile nilikuja kwa ajili hiyo, kaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili ukapime macho. Ya pili ulinijibu nikajifunze kusoma vizuri kwanza, ndipo nizungumzie macho ya wasomi."

Nilisema hivyo. Mbele ya watu, wakati wa chai, na watu wakacheka. Basi akaenda kwa mke wangu, na mke wangu, aliyenijua zaidi, akampa ufunguo.

"Na leo ungefukuzwa ukiwa umenyamaza?"

"Ningesema, wangekutoa kwenye mitambo. Wewe bila mitambo nani atakuweza?"

Nikataka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia, "Na Jumanne ambayo wewe ungezidiwa kabisa?"

"Ndiyo maana Jumatatu silali."

Karatasi niliichana mwenyewe. Nikamweleza meneja habari ya macho yangu, na saa ile ile nikakatazwa kuingia tangini. Redio akapewa ufundi mkuu. Nyumbani niliomba radhi nikiwa nimesimama, kwa mke wangu kwanza, kisha kwa binti yangu kwenye simu. Binti alilia. Mama yake alisema, "Haya, kaa ule."

Daktari alikuta mtoto wa jicho; jicho moja limeshapasuliwa, la pili mwezi ujao. Haya nimeyaandika mwenyewe.

Ninyi mnaosoma, mnapenda kulalamika kwamba watu wenu wa karibu wanawaficha mambo. Mimi pia nililalamika. Jiulize mtu akikuletea ukweli usioupenda, anaondoka mlangoni kwako akiwa na hali gani. Redio naye alikosea kunificha, nimemwambia, naye amekubali. Lakini mlango nilioufunga mimi, yeye alipita dirishani ili niishi.

Siku hizi Jumanne anaingia tangini yeye, mimi nasimama kwenye swichi. Wiki iliyopita alifunga kufuli lake, akanipa ufunguo wake wa pili.

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Niogope nini, kaka? Sasa si unaona?"