Ngoma Iliyotiwa Giza

Siku ya kwanza walidhani ni vumbi tu. Mke wa fundi aliamka usingizi wa mchana, akakuta nyayo zake zimejaa udongo mwekundu, ilhali alilala miguu ikiwa safi na mlango umefungwa.

"Baba nanihii, umenitembeza wapi?" alitania.

Mumewe hakugeuka. Asubuhi alitengeneza televisheni za watu. Mchana wote alikuwa kwenye kompyuta, mlemle chumbani. Kwa miaka miwili alikuwa akiirudisha filamu moja ya kale katika sura yake ya mwanzo. Walioitoa upya, kwa maoni yake, waliiharibu: rangi wameigeuza samawati, nyuso wamezisugua mpaka zikawa kama nta, na ile ngoma ya mwisho, mwanamke anapocheza peku kwenye udongo mwekundu mbele ya mfalme, wameifupisha na kuitia giza totoro. Mashabiki wenzake walimtumia vipande vya nakala chakavu, naye akaviunga kimoja kimoja mpaka macho yakamvimba. Sasa ilibaki ngoma tu.

Kila alipoing'arisha kidogo, chumba kilinuka siki, kama mikanda ya filamu iliyooza. Alifungua dirisha, harufu ikabaki palepale. Kisha vikaanza vishindo: kisigino, kidole, kisigino, kama mtu anayecheza huku amechoka. Akazima sauti ya kompyuta. Vishindo havikukoma. Aligeuka, akamwona mkewe amelala chali, macho ameyafumba, uso umetulia kama wa mtoto, lakini miguu yake chini ya shuka ikiupiga ubao wa kitanda, kisigino, kidole, kisigino, sawasawa na miguu ya yule mwanamke kwenye kioo cha kompyuta, na alipoisimamisha picha akidhani itatulia, miguu ikasita, ikabaki imeinuliwa hewani, ikitetemeka, ikisubiri.

Wiki ile mkewe alishindwa kusimama. Nyayo zilikuwa malengelenge matupu.

"Naamka nimechoka kuliko nilivyolala," alinong'ona. "Acha hiyo kitu."

"Bado kidogo, mke wangu. Namalizia."

"Unanimalizia mimi."

Hapo ndipo fundi alipomwita shangazi wa mkewe, mganga. Bibi yule alivuta pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaishika miguu ya mgonjwa.

"Hodi, mgeni," alisema kwa upole. "Tumekukosea nini?"

Mke wa fundi akafumbua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya mtu mwingine.

"Walipopiga ngoma ile wakirekodi filamu, niliipenda, nikaingia kwenye picha, nikashindwa kutoka. Kila wakiiwasha, nacheza. Mmoja wa walioitoa upya akanihurumia, akanitia giza. Nikalala. Huyu mume ameniamsha. Miguu yangu imekwisha, natumia ya mkewe."

"Unataka nini?"

"Nizimieni."

Shangazi akamtazama fundi. Fundi alikwenda kwenye kompyuta, akakaa pale mbele ya kazi ya miaka miwili, mkono hautaki kusogea. Mkewe akaguna kwa maumivu. Akaanza kufuta, kipande baada ya kipande, machozi yakimtiririka bila yeye kuyapangusa. Alipokifuta cha mwisho, miguu ya mkewe ikalegea, na harufu ya siki ikatoka dirishani kama moshi.

Shangazi alikuwa anafagia udongo fundi alipokumbuka, akashika kichwa. Jana tu alimtumia Jicho, shabiki mwenzake wa mji mwingine, nakala amkagulie rangi. Akapiga simu.

"Jicho, ile filamu umeifungua?"

"Ndiyo naiangalia! Fundi, hongera, ngoma inaonekana mpaka vidole!"

"Ifute."

"Una wazimu? Baada ya jasho lote..." Jicho akaiweka simu chini, akaenda kuchungulia. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka. "Fundi. Mimi naishi peke yangu, si unajua?"

"Najua."

"Kuna mtu bafuni. Anaosha miguu."

Fundi alimtazama mkewe aliyelala, kifua kikipanda na kushuka taratibu.

"Usimpigie kelele," alisema. "Mpelekee kiti akae. Umwombe radhi. Kisha uizime na kuifuta."

Alisubiri, simu sikioni. Akasikia kiti kikiburuzwa sakafuni, bomba likifungwa, halafu mtu, si Jicho, akishusha pumzi ndefu.