Kuku Amekula Nzega

Ilikuwa Jumamosi, tarehe sita Juni, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Vumi alikuwa na hakika na zile dakika kumi. Aliitazama saa ya ukutani mara mbili.

Vumi ana miaka sita. Anaishi Iringa, mtaa wa Kihesa, pamoja na Mama na Baba.

Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi. Baba alikuwa jikoni, anakoroga uji. Mama alikuwa uani, anaifuta pikipiki yake nyekundu kwa kitambaa.

"Kesho naanza safari," Mama alisema. "Nakwenda Mwanza kumwona Bibi."

Vumi alijua. Mama alikuwa akiitaja safari hiyo tangu mwezi wa nne. Lakini ile "kesho" ilikuwa mpya. Ilimkaa tumboni kama kiporo cha ugali baridi.

"Kwa nini usipande basi, Mama?"

"Kwenye basi huwa nasinzia. Safari hii nataka kuiona njia."

"Mwanza ni mbali?"

Mama alitoa simu na kufungua ramani. "Iringa hii hapa. Mwanza ile pale."

Vumi alipima kwa kidole gumba. Kidole kiliifunika miji yote miwili, na nafasi ikabaki.

"Mbona karibu!"

"Si karibu, mwanangu. Ni siku nne."

Vumi alikitazama kidole chake. Siku nne haziwezi kukaa juu ya kidole.

"Simu ni ndogo," alisema. "Tuichore njia kubwa."

Basi Mama akaokota kijiti. Akachora njia mchangani, kuanzia ngazi ya mlango mpaka ukuta wa jiko.

Vumi akaleta mahindi, kiganja kimoja. "Punje moja ni mji mmoja," alisema. "Mji mmoja ni usiku mmoja."

"Vizuri," Mama alisema. "Wewe ndiye mkuu wa safari. Usiposema njia imetimia, pikipiki haiwashwi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Vumi akasimama wima. Hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Aliweka punje ya kwanza kwenye ngazi. Hiyo ni Iringa.

Mama akapitisha kidole mchangani. "Pu-pu-pu-pu! Nashuka milima. Navuka Mtera, kwenye bwawa kubwa. Jua likianza kuchoka, nafika Dodoma."

Vumi akauliza:

"Mchana, pu-pu-pu, barabarani!
Usiku, utalala kwa nani?"

"Kwa shangazi yako Roida. Ameshatandika kitanda."

Vumi akaweka punje. Dodoma.

"Pu-pu-pu-pu!" Mama akaendelea. "Naona alizeti. Naona mawe makubwa kama nyumba. Nafika Singida."

"Mchana, pu-pu-pu, barabarani!
Usiku, utalala kwa nani?"

"Kwa mwalimu Hawa. Nilisoma naye chuoni. Anakoroma, lakini ana roho nzuri."

Vumi akacheka. Akaweka punje. Singida.

Mara, nyuma yao, kukasikika sauti.

Ko. Ko. Ko.

Alikuwa kuku wa jirani. Kuku kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Alitazama huku. Alitazama kule.

Do!

"Mama! Kuku amekula Singida!"

"Shuu! Shuu!" Mama alipunga kitambaa. "Maskini mwalimu Hawa! Ameliwa pamoja na kitanda chake!"

Vumi akaweka punje nyingine. Singida ikarudi mahali pake.

"Pu-pu-pu-pu!" Mama alisema. "Sasa nafika Nzega."

"Mchana, pu-pu-pu, barabarani!
Usiku, utalala kwa nani?"

Mama alishusha kitambaa. Alikikunja. Alikikunjua.

"Nzega nitatafuta nyumba ya wageni," alisema.

"Nyumba ya wageni ni ya nani?"

"Ni ya wageni."

"Hao wageni wanakujua?"

"Hapana."

"Ukichelewa, watakungoja?"

Mama alikuna kichwa. "Weka tu punje, Vumi. Nzega ni mji mzuri."

Vumi akaiweka, lakini polepole. Kisha akaweka punje ya mwisho kwenye ukuta wa jiko. Hiyo ni Mwanza, kwa Bibi.

Ko. Ko. Ko.

"Shuu!" Vumi alisema.

Kuku hakusikia. Au alisikia, akapuuza.

Do!

Kuku amekula Nzega.

Mama akanyoosha mkono. "Haya, mkuu wa safari. Weka nyingine."

"Siweki," Vumi alisema.

"Kwa nini?"

"Nzega hakuna mtu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pasipo na mtu, siweki punje. Njia haijatimia."

Mama angeweza kucheka. Angeweza kusema, "Achana na mambo ya kitoto." Lakini alikuwa ameahidi. Akaketi kwenye ngazi, akafikiri.

Alimpigia simu rafiki mmoja. Rafiki hakuwa na mtu Nzega.

Alimpigia wa pili. Naye hakuwa na mtu Nzega.

Baba akatokea na mwiko mkononi. "Mimi nina binamu Tabora," alisema.

"Tabora si Nzega," Vumi alisema.

"Hilo ni kweli," Baba alisema, akarudi kwenye uji.

Vumi alimfikiria Bibi. Bibi anahesabu siku. Akamfikiria Mama, peke yake, usiku, akibisha mlango usiomjua. 

Ndipo wakasikia, "Hodi! Hodi hapa!"

Alikuwa jirani mpya, Mama Kashindye. Alihamia mtaani wiki mbili zilizopita. Mpaka siku hiyo walikuwa wanasalimiana tu.

"Karibu, dada," Mama alisema kwa adabu.

"Asante, dada. Samahani kwa usumbufu. Namtafuta kuku wangu."

Vumi akanyoosha kidole. "Yule pale. Amekula Nzega!"

Mama Kashindye akamtazama Vumi. Akamtazama kuku. Akaitazama njia mchangani, na lile pengo kabla ya Mwanza.

"Amekula Nzega? Jamani! Huyo amekula kwetu!"

"Kwenu ni Nzega?" Mama aliuliza.

"Nzega kabisa. Nimezaliwa huko, nimekulia huko. Na nyinyi?"

"Sisi ni wa hapahapa Iringa, tangu mababu."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Uso wa Mama ukabadilika. Akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe!" Mama alisema. "Ndiyo maana kuku wako yuko shingo wazi! Na baridi yote hii, umemnyima hata skafu?"

Vumi akashtuka. Mama hasemi hivyo na wageni!

Mama Kashindye naye akaweka mikono kiunoni. "Na wewe! Hiyo ni pikipiki, au ni mbuzi wa chuma? Asubuhi inapokohoa nadhani mtu anaumwa!"

"Bora mbuzi wangu anatembea! Wewe umehamia hapa na magunia kumi, hata jirani hujamwonjesha karanga!"

"Karanga nikupe wewe? Uzimalize zote, halafu unipe maganda?"

"Msigombane!" Vumi alipaza sauti. Macho yake yalijaa machozi. "Tafadhali, msigombane!"

Wote wawili wakashusha mikono. Mama akachuchumaa na kumshika mikono.

"Hatugombani, Vumi. Huyu ni mtani wetu. Watu wa kwetu na watu wa kwao ni watani tangu zamani. Sikujua tu kama ametoka Nzega."

"Mtani ni nani?"

"Mtani ni mtu wa kukucheka," Mama alisema. "Anakucheka ukiwa mzima. Anakucheka hata ukiwa na njaa."

"Lakini ukipata shida," Mama Kashindye alisema, "mtani ndiye anayefika kwanza. Akikaa nyumbani, ni aibu yake."

Vumi akafuta pua. Akafikiri.

"Basi Mama ana shida," alisema. "Jumanne usiku atakuwa Nzega. Hana pa kulala."

Mama akaangalia chini kidogo. Alikuwa anaona haya.

"Ala!" Mama Kashindye akasema. "Nawe umekaa kimya? Unamsumbua mtoto bure! Ngoja."

Akatoa simu. Akampigia dada yake wa Nzega. Akaiwekea sauti kubwa, ili wote wasikie.

"Dada Mama Shija! Kuna mtani wetu wa Iringa. Anakuja huko Jumanne na pikipiki."

"Mtani?" Sauti ya Nzega ilikuwa nene na yenye kicheko. "Mwache aje! Nitamlaza bandani na mbuzi!"

Vumi akamgeukia Mama, macho wazi.

"Huo ni utani," Mama alimnong'oneza.

Lakini Vumi ni mkuu wa safari. Mkuu wa safari lazima aulize.

"Shikamoo," alisema kwenye simu.

"Marahaba! Nani huyo?"

"Mimi ni Vumi. Kitanda kipo?"

"Kipo. Cha mbao, cha futi nne."

"Shuka ni safi?"

"Nitazifua Jumatatu na kuzianika juani."

"Mlango una komeo?"

"Una makomeo mawili. Na la juu ni gumu, mpaka ulipige ngumi."

"Pikipiki italala wapi?"

"Sebuleni. Itatazama televisheni na wanangu."

Vumi akatabasamu kidogo. Bado swali moja lilibaki. Ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

"Na Mama akichelewa?"

Sauti ya Nzega ikatulia. Haikuwa na kicheko sasa.

"Akichelewa, mwanangu, nitatoka mpaka barabarani na tochi. Nitasimama pale. Sitaingia ndani mpaka nimwone."

Kisha kicheko kikarudi. "Nikimwona, ndipo nitamcheka!"

Vumi akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, fuuuu, kama ya tairi.

Akarudi kwenye njia yake mchangani. Akaliangalia lile pengo.

Ko. Ko. Ko.

Vumi hakuweka punje. Aliweka jiwe. Alichagua jiwe kubwa, kama yai, kwa sababu vijiwe vidogo kuku humeza.

Kuku akalidonoa. Do! Akatikisa kichwa, akaondoka zake.

"Mchana, pu-pu-pu, barabarani!" Vumi aliimba. "Usiku, utalala kwa nani?"

"Kwa Mama Shija!" Mama akajibu.

"Njia imetimia," Vumi alisema.

Wakanywa uji, na Mama Kashindye akanywa vikombe viwili. Alisema uji wa Baba ni mwepesi kama mvua. Baba akasema vikombe viwili ni vingi kwa mtu asiyeupenda.

Mchana wote walifanya maandalizi. Baba alijaza upepo kwenye matairi, fyuu, fyuu. Mama alifunga begi kwa mipira. Vumi akalitikisa begi ili aone kama limekaza. Lilikuwa limekaza.

Usiku ulipofika, Mama alikaa kitandani kwa Vumi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Blanketi lilikuwa mpaka kidevuni.

"Jumapili?" Mama aliuliza.

"Kwa shangazi Roida."

"Jumatatu?"

"Kwa mwalimu Hawa anayekoroma."

"Jumanne?"

"Kwa Mama Shija mwenye tochi."

"Jumatano?"

"Kwa Bibi." Vumi akapiga miayo. "Mama? Na mimi? Mimi nitalala kwa nani?"

"Hapahapa. Kitanda hikihiki. Baba yuko chumba cha pili."

"Na Mama Kashindye yuko ukuta wa pili," Baba alisema mlangoni. "Nasikia anavyonicheka mpaka sasa."

Vumi akacheka ndani ya blanketi. Mama alikaa pale mpaka kicheko kikawa pumzi, na pumzi ikawa usingizi.

Asubuhi, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati.

Mama alivaa koti nene. Akavaa kofia ngumu. Akambusu Vumi kabla ya kushusha kioo cha kofia, si baada.

Pu. Pu-pu. Pu-pu-pu-pu!

"Mbuzi anakohoa!" Mama Kashindye aliita. Alikuwa ameshafika, amejifunga khanga mbili, na mfuko wa karanga za njiani mkononi.

Mama akaufunga mfuko kwenye begi. Akawa tayari. Akamtazama Vumi, akangoja.

Vumi akaitikia kwa kichwa. 

Akatembea mpaka getini. Geti lilikuwa la chuma, zito, na lilikuwa na umande. Mama Kashindye akaja kumsaidia.

"Niache, mtani," Vumi alisema. "Naweza."

Akalishika geti kwa mikono miwili. Akalivuta, kriii, mpaka likafunguka lote.