Ukuta wa Mawe Yenye Kiu

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Apolline na rafiki yake Donatille walishuka ziwani na ndoo vichwani. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na kuchimba kisima hapo ni kujitafutia maumivu ya mgongo tu. Mwaka ule wa 1957 ndoo zao hazikuishia nyumbani. Zilikwenda kwenye jengo jipya la Papa Sikuli, mfanyabiashara kutoka Butembo.

Barabara ya soko la zamani ilikuwa imekufa. Wachuuzi walifunga vibanda saa kumi, wakaenda zao, na mbuzi wakabaki kuwa wenye mji. Papa Sikuli alisema barabara haipati uhai kwa maduka peke yake, inataka watu wanaolala papo hapo. Ndiyo maana alijenga nyumba ya etaji: chini maduka, juu vyumba vya kuishi na kufanyia kazi. Watoto wa barabara ile walichota maji, na fundi mwashi, Muzee Hategekimana, akawagawia kazi.

Duka la kwanza alipewa Papa Munyaneza, baba yake Donatille, muuza chumvi na sabuni. Tangu siku hiyo Donatille hakuwa na habari nyingine.

"Mulango yetu itakuwa ya buluu," alisema njiani. "Na dirisha itakuwa na kioo! Utakuwa unakuja kujiangalia mule."

Apolline alicheka kwa meno tu. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na alishonea chini ya kibaraza kinachovuja. Mvua ikinyesha alifunika cherehani kwa mwili wake, akalowa yeye. Jina lake halikutajwa kwenye maduka. Tusimfiche msichana huyu: alimwonea rafiki yake wivu. Kwa nini wao, sisi hapana? Kwani chumvi ina thamani kuliko mama yangu?

Wiki ile ile Muzee Hategekimana alimwonyesha Apolline rundo la mawe.

"Jiwe ya huku iko na kiu," alisema. "Ina matobo mingi. Usipoinywesha mbele, itakunywa maji ya chokaa, na ukuta itabaki unga. Itumbukize katika pipa mupaka iache kutoa mapovu. Umesikia, mutoto?"

"Ndiyo, Muzee. Ni ya ukuta gani?"

"Ya duka ya Papa Munyaneza."

Kwa siku tatu Apolline hakutumbukiza hata jiwe moja. Aliyanyunyizia maji juu juu, na jiwe la volkano likiloa kidogo tu huwa jeusi la kung'aa. Nani angejua? Maji yaliyobaki aliwanywesha mbuzi. Kila alipoukumbuka ule mlango wa buluu, alijisikia vizuri, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumatatu iliyofuata Muzee Hategekimana alipitisha ukucha katikati ya mawe ya ukuta ule mpya. Chokaa ikamwagika kama unga wa muhogo. Papa Sikuli aliitwa, akaja akifoka.

"Muzee, chokaa yangu uliuza wapi?"

"Papa, nimejenga miaka makumi mbili. Sijaiba hata kijiko moja."

"Basi macho yako imezeeka! Kusanya vyombo yako, uende. Ukuta hii itabomolewa."

Mama Apolline, aliyekuwa amesimama na majirani, aliketi chini kwenye mchanga.

"Na chumba yetu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chumba gani, mama?" Apolline alishtuka.

"Ile ya juu ya duka ya Papa Munyaneza. Yeye mwenyewe alituombea. Alisema batu wakileta vitambaa kwangu, watanunua sabuni kwake. Na mushonaji anahitaji mwanga ya dirisha. Sikukuambia, mutoto wangu, kwa sababu nyumba haitangazwi mbele ya kupata paa."

Apolline aliutazama ukuta, kisha akamtazama Muzee Hategekimana akifunga mwiko na timazi lake ndani ya gunia. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona isipokuwa mbuzi. Akasogea mbele.

"Muzee hana kosa," alisema. "Ni miye. Mawe sikuyanywesha. Niliyapaka maji tu."

Donatille alimkodolea macho.

"Sababu ya mulango yetu?"

"Sababu ya mulango."

Papa Sikuli alimwomba Muzee msamaha mbele ya wote, akamrudishia kazi. Lakini ukuta ulibomolewa, na mvua kubwa zikaanza kabla haujainuka tena. Msimu mzima Mama Apolline alilowa chini ya kibaraza chake. Hakumpiga binti yake wala hakumtukana. Alikamua tu kitambaa chake cha kichwa jioni, na Apolline angependelea fimbo.

Kila siku baada ya masomo Apolline alitumbukiza mawe, moja moja, akingoja povu la mwisho. Siku ya nne Donatille alitokea na ndoo yake.

"Sogea," alisema. "Uko unachelewesha mulango yangu."

Mvua zilipokwisha, cherehani ilipandishwa ngazi na kuwekwa dirishani. Chini, Papa Munyaneza alipimia watu chumvi. Mama mmoja alianza kuuza chai barazani, na mbuzi wakahamia kwingine kwa hasira. Donatille aligonga dari kwa mpini wa ufagio kumwita rafiki yake, na Apolline akamjibu kwa kisigino.

Muzee Hategekimana alikuja kupimwa suruali. Alipapasa ukuta, akatabasamu.

"Bakubwa banasema mwenye kuchimba shimo anaingia mwenyewe," alisema. "Hapa Goma jiwe ni ngumu, hakuna mutu anachimba shimo. Lakini weye ulipata njia!"

Mama yake alicheka, na Apolline naye, ingawa masikio yalimwaka moto.

"Sikia, mutoto," Muzee aliendelea, sasa bila mzaha. "Wivu ilikuonyesha mulango ya jirani tu. Haikukuonyesha kama ukuta yake ndiyo ilikuwa inakungojea ikubebe. Ukiona mwenzako anajenga, mupelekee maji."