Sufuria Isiyong'aa

Mtaa uliamshwa kila siku na Bibi Kioo. Hakuuamsha kwa maneno. Aliuamsha kwa mlio.

Jua likianza tu kuchungulia, alikuwa tayari ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti. Beseni liko upande huu, kopo la jivu upande ule, na mkononi ana waya wa kusugulia. Krwa, krwa, krwa. Alisugua sufuria ndani, akasugua nje, akasugua hata kitako, ambacho moto ungekichafua tena muda si mrefu. Akimaliza aliinua sufuria usawa wa uso. Akiyaona meno yake, imetakata. Asipoyaona, alianza upya.

Ndiyo maana wakamwita Bibi Kioo, na yeye jina hilo alilipenda.

Alihamia kwa mwanawe, dereva wa lori, baada ya magoti kuigomea kazi ya shamba. Katika nyumba ile kila kazi ilikuwa na mwenyewe. Kupika, kufua na kwenda sokoni kulikuwa kwa mke wa dereva, mkaza mwana wake. Kuosha sufuria ndiko kulikobaki kwake. Hakumwambia mtu, lakini kwa kazi hiyo alikula chakula cha nyumba ile bila kujiona mgeni.

Mkaza mwana alikuwa akipika jamu ya nanasi. Mwoka mikate wa barabara ya pili aliinunua yote na kuiuza pamoja na mikate yake. Asubuhi moja alikuja mwenyewe, ameshika chupa.

"Karibu," mkaza mwana alimwambia. "Jamu imekwisha mapema hivyo?"

"Haijaisha. Imerudi. Hebu onja."

Akaonja. "Mbona tamu?"

"Tamu, ndiyo. Halafu?"

Akalamba tena, taratibu. Uso ukabadilika. "Halafu ni kama nimelamba kijiko kitupu."

"Wateja wangu wanasema wamelamba bati," mwoka mikate alisema. "Mimi nauza mikate, dada yangu, siuzi mabati. Pika nyingine. Ikija na ladha hii tena, nitatafuta mpishi mwingine, na usije ukaninunia."

Bibi Kioo aliyasikia yote akiwa kwenye kigoda chake.

"Mananasi ya siku hizi hayo," alisema. "Yamejaa madawa."

Mkaza mwana akabadili muuza mananasi. Ladha ya bati ikabaki. Akabadili sukari. Ikabaki. Mwishowe akapanda juu ya tofali na kumwita jirani yao, mpishi wa jiko la hospitali, mwanamke mwenye sauti ya kupenya ukuta.

Mpishi alionja mara moja tu. Hakuuliza habari za nanasi wala sukari.

"Nionyesheni sufuria."

Akaiweka sakafuni, nayo ikayumba. Akapitisha kidole ndani yake. "Nyembamba kama karatasi," alisema. "Na ina vishimo vidogo vidogo. Nani anaiosha?"

"Mimi," Bibi Kioo alijibu, kidevu juu. "Kila siku. Kwa waya na jivu."

"Inang'aa kweli, mama."

"Nilifundishwa na marehemu mama yangu."

"Basi nisikilize bila kunikasirikia. Hii ni alumini. Alumini ina ngozi yake, nyembamba mno, hata huioni. Ngozi hiyo ndiyo inayokinga sufuria isiguswe na chakula. Ukisugua kwa waya, unaichuna. Nanasi nalo lina ukali. Likichemka muda mrefu ndani ya alumini iliyochunwa, linaila. Hilo bati wanaloonja wateja ni sufuria yenu."

Bibi Kioo alitazama waya uliokuwa mkononi mwake.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni nanasi na sufuria," Mpishi alisema. "Wewe umewakutanisha tu."

"Sasa nipikie kwenye nini?" mkaza mwana aliuliza.

"Sisi hospitalini, nyanya na matunda tunapikia kwenye sufuria za kijivu, kijivu kilichokolea karibu na weusi. Nazo ni alumini. Ila kiwandani zimetumbukizwa kwenye maji ya asidi na kupitishiwa umeme, mpaka ile ngozi ikawa nene na ngumu. Madukani wanaziita anodaizi. Ukali wa nanasi hauipenyi ngozi hiyo, maadamu ni nzima. Twendeni nikawaonyeshe. Ukienda peke yako watakuuzia rangi."

Wakaenda watatu. Muuza vyombo aliwaletea sufuria nyeusi inayometameta.

"Hii hapa, mama zangu. Anodaizi yenyewe, kutoka mbali."

Mpishi akalowesha ncha ya leso kwa maji na kusugua ubavu wa sufuria. Leso ikatoka nyeusi.

"Imetoka mbali kweli," alisema. "Na bado inatoka."

Muuza vyombo akacheka, akashika kichwa. "Unanifukuzia wateja, dada."

"Lete ile ya juu pale."

Ile ya juu ilikuwa ya kijivu kizito, haimetameti, na ina mkono mrefu. Mpishi alimpa mkaza mwana aipime uzito. Ilikuwa nzito. Akamwambia aiweke juu ya kioo cha meza na kuibonyeza ukingoni. Haikuyumba. Kitako kilikuwa kinene na bapa, kwa hiyo moto ungesambaa sawasawa na jamu isingeungua katikati. Akamwambia auvute mkono wa sufuria na kuutikisa. Ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoushikilia, hazikucheza. Mfuniko ulikaa bila kupwaya. Kisha wakaigeuza kwenye mwanga. Rangi ilikuwa moja, ndani na nje, bila baka wala mkwaruzo.

"Ninayo nyingine yenye utando ndani," muuza vyombo alisema. "Chakula hakigandi kabisa."

"Huo utando umepakwa juu, ni kitu kingine," Mpishi alijibu. "Ni mzuri kwa mayai. Jamu inakorogwa sana, bora hii isiyopakwa kitu."

Bibi Kioo akainama karibu.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini mbona ni chafu?"

"Si uchafu, bibi," muuza vyombo alisema. "Ndiyo rangi yake."

"Rangi ya masizi."

Wakainunua. Njiani Mpishi aliwapa masharti. Moto uwe wa wastani. Sufuria isikae motoni ikiwa tupu. Koroga kwa mwiko wa mti. Jamu ikiiva, ihamishiwe kwenye chupa, isilale ndani ya sufuria. Ikiwa bado ya moto isimwagiwe maji baridi, itapinda. Ikishapoa, ioshwe kwa maji vuguvugu, sabuni na sponji laini. Chakula kikigandamana, kilowekwe kwanza, kitaachia chenyewe.

"Waya, jivu na mchanga, hapana," alimalizia. "Magadi na dawa za kuondoa madoa ndizo mbaya zaidi. Zinaila ile ngozi."

"Nimesikia," Bibi Kioo alisema.

Jamu iliyofuata ilipelekwa kwa mwoka mikate. Alionja, akaonja tena, kisha akachukua chupa zote. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mambo yangeishia hapo, kama rafiki wa Bibi Kioo asingepita kumjulia hali. Alikuwa mwanamke wa rika lake, na macho yake yalikuwa bado makali. Wakati wa kuaga akatupa jicho kwenye kichanja cha vyombo.

"Shoga yangu, umeanza kuzeeka," alisema. "Naona pale kuna sufuria imekushinda."

Bibi Kioo alimsindikiza hadi njiani. Maneno yale akalala nayo.

Asubuhi yake mkaza mwana alikwenda sokoni kununua mananasi. Bibi Kioo akaishusha sufuria ya kijivu. Nitasugua nje tu, alijiambia, nje hakupikwi kitu. Akakoroga magadi, akachukua waya. Krwa, krwa, krwa.

Kijivu kikatoka. Chini yake palitokea baka jeupe, ukubwa wa kiganja. Aliinua sufuria usawa wa uso. Hakuyaona meno yake. Baka lilikuwa limefifia, limeparara kama ngozi yenye choa. Akasugua tena. Likaparara zaidi.

Ndipo mkono ukasimama. Akaisuuza sufuria haraka na kuirudisha kichanjani, baka likitazama ukuta. Akaketi. Akainuka. Akaketi tena.

Mkaza mwana alirudi na kapu la mananasi.

"Leo usipike," Bibi Kioo alimwambia.

"Kwa nini, mama? Jamu inangojewa."

"Geuza sufuria."

Mkaza mwana akaigeuza. Akalitazama baka muda mrefu kuliko Bibi Kioo alivyoweza kuvumilia.

"Ndani je?"

"Ndani sikufika."

Mpishi akaitwa. Akaikagua ndani kwa kidole, polepole, hadi kwenye pembe za chini.

"Ndani ni nzima," alisema. "Hapo nje ngozi imekwenda na hairudi, msidanganywe na mtu wa kuwauzia dawa. Lakini jamu haipikwi nje. Pikeni." Akamgeukia mkaza mwana. "Ila kuanzia leo lazima ajulikane anayeiosha."

Bibi Kioo aliukunja waya ndani ya kitambaa, akaunyoosha kwa mkaza mwana.

"Mpe mwingine kazi hii. Mikono yangu inajua kusugua tu."

Mkaza mwana hakuupokea. Aliingia ndani, akatoka na maji vuguvugu, sabuni na sponji mpya. Akaviweka kando ya kigoda.

"Mwingine yupi, mama? Mwanao dereva? Huyo hata sahani yake anaiacha mezani."

"Nitaiharibu."

"Wewe umeiona inavyoharibika. Mimi sijaiona. Ukiishika utakuwa na hofu kuliko mimi, na sufuria hii inataka mtu mwenye hofu nayo."

Bibi Kioo aliishika sponji, akaiminya mara mbili tatu, kama anayepima unga.

"Laini mno," alisema. Lakini hakuiweka chini.

Jamu ya siku ile ilitoka rangi ya asali, haina harufu wala ladha ya bati. Baadaye duka jingine nalo likaanza kuiagiza. Ile sufuria nyembamba ilibakizwa kwa maji ya kuoga. Hiyo Bibi Kioo aliruhusiwa kuisugua atakavyo, lakini hamu ilimpungua siku hadi siku. Asubuhi zikawa kimya, na jirani mmoja akalalamika kwamba sasa anachelewa kazini.

Rafiki yake alipokuja tena, jicho lilikwenda palepale.

"Bado nyeusi tu?"

Bibi Kioo akaigeuza na kumwonyesha baka. "Hapa nilisugua, pakaharibika. Kwingine kote ni salama." Akampa kipande cha mkate chenye jamu. "Kula, halafu uniambie kama unaonja bati."

Rafiki alikula. Akanyoosha mkono apewe kipande kingine.

Alipoondoka, Bibi Kioo aliosha sufuria, akaisuuza na kuikausha kwa kitambaa. Kwa mazoea akaiinua usawa wa uso. Hakuyaona meno yake. Akaridhika, akaitundika.