Malori Yasiyo na Geti

"Simama, ama napiga!"

Mwanamke hakusimama. Alijitoma ndani ya miwa, leso ikipepea. Shikanga, jasusi kutoka Nairobi, akamfuata mbio, bastola ya Ceska mkononi. Akamfikia, akamdaka mkono. Pingu zikalia kra!

Milcah Nekoye, msimamizi wa Geti la Tatu. Mama mkwe wake.

Wafanyakazi wa kiwanda cha sukari walishika vinywa. Jameni, amemgusa mkwe! Kwao hata kupeana mkono na mama mkwe ni mwiko.

Asubuhi ile mkuu wa Shikanga alikuwa amemwuliza kwa redio ya Motorola, "Nitume mtu mwingine?"

"La, afande. Kompyuta haijui mkwe."

Majigambo hayo! Kompyuta ilikuwa imejumlisha malori ya sukari ya magendo kwa kila geti, na yote yakamwangukia Milcah. Tena si alikimbia? Asiye na hatia hukimbia nini?

Ofisini, Jescah, fundi wa kompyuta, hakumpa hata kiti.

"Hivi ndivyo mnafundishwanga Nairobi? Tazama."

Skrini ya Compaq ikaleta malori moja moja. Yale ya magendo hayakuandikwa geti lolote. Jescah akaiamuru mashine iyapange kwa makundi. Badala ya kuwa na kundi lao, yakamezwa na kundi la mwisho.

Geti la Tatu.

Shikanga akainamia skrini. Akavuta kibodi, akafungua matumbo ya hifadhidata yenyewe. Kabla ya kuanza kundi jipya, injini iliuliza swali moja: geti limebadilika? Nafasi tupu iliihesabu kuwa halijabadilika. Akaisahihisha, akaiendesha upya.

Geti la Tatu: sifuri.

Kundi jipya likatokea chini, halina geti. Malori yote ya magendo yalikuwa humo, na yote yaliingizwa kwenye mashine kwa nywila moja.

"Ya nani?"

"Varga," Jescah akasema. "Yule mtaalamu wa ng'ambo aliyetuwekea mfumo huu."

Varga alikuwa karakanani, anawasha Peugeot. Shikanga akapasua gurudumu kwa risasi moja, akamtoa kwa kola.

"Ni kasoro ya mashine tu, rafiki!"

"Uliyoitia wewe."

Ngumi moja. Varga akalala.

Kazi imekwisha. Mbona basi miguu ilikuwa mizito hivi kurudi getini alikomwacha mama mkwe?

Milcah alikuwa ameketi kwenye benchi, uso ukutani, pingu mikononi. Jescah alikuwa kando yake. Shikanga alisimama mbali, macho chini. Aibu ilimchoma hadi masikioni.

"Jescah, niulizie mama. Mbona alikimbia?"

Milcah hakugeuka.

"Mwambie nilimwona mkwe wangu anakuja," akasema polepole. "Nilikuwa nampisha."

Shikanga alitaka ardhi immeze. Kijana wa Kakamega, aliyelelewa na mila hizo hizo, amepishwa kwa heshima akaona hatia!

Akampa Jescah ufunguo wa pingu. Akavaa miwani yake ya jua, akaenda zake bila haraka. "Ona jasusi anavyotembea," vibarua wakanong'onezana. "Hana wasiwasi huyo."

Nyuma ya miwani, alikuwa analia.